Jina Lililorudi na Tawi la Mtende: Kisa cha Ukoo wa Palmer

Nilipokuwa nikihudumia wazee majumbani mwao huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nilikuwa na bibi mmoja aliyepita miaka 80. Jina lake la kwanza nitalihifadhi. La ukoo ndilo kisa chenyewe: Palmer. Wenyewe hulitamka "Paama", ile l haisikiki.

Sebuleni kwake palikuwa na fremu yenye karatasi ya rangi ya chai. Juu ilichorwa ngao nyekundu, chini yake jina la ukoo kwa herufi za kizamani, kisha aya moja fupi. Aya hiyo ilisema kwamba Palmer ni ukoo mmoja wa kale, kwamba mwasisi wake alikuwa askari wa Vita vya Msalaba, kwamba alitunukiwa tawi la mtende huko Yerusalemu kwa ushujaa wake, na kwamba ngao ile ni haki ya kila anayebeba jina hilo. Kaka yake marehemu ndiye aliyeinunua kwenye kibanda cha kuuzia watalii, miaka mingi nyuma.

Jioni moja alisoma kitambulisho nilichovaa kifuani, akaniuliza Haji maana yake nini. Nikamwambia ni jina la babu yangu mzaa baba. Je, babu alikwenda Makka? Hapana, hakuwahi kupanda hata meli ya kwenda Mombasa. Kwetu Unguja mtoto akizaliwa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, huweza kuitwa Haji, kama wa mwezi wa kufunga anavyoitwa Ramadhani na wa Ijumaa anavyoitwa Juma. Babu alizaliwa siku ambazo watu wengine walikuwa Arafa. Basi.

Bi Palmer alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole ukutani. "Kumbe jina letu ni moja," akasema. "Ila nataka kujua kama hii karatasi inasema kweli, kabla sijawaachia wajukuu."

Ndivyo nilivyoingia katika kisa hiki. Majira ya baridi yote yale siku zangu za mapumziko zilikwisha maktaba, na niliyoyakuta nayaandika hapa. Nadhani mtu wa pwani ana jicho la kuliona jina hili ambalo hata wenyewe wenye nalo wamekwisha kulipoteza.

Mti na kiganja

Tuanze na neno. Kilatini kina neno palma, na maana yake ya kwanza ni kiganja cha mkono. Mti ukaitwa hivyo hivyo kwa sababu jani lake hutawanyika kama vidole vilivyokunjuliwa. Kutoka Kilatini neno likapita Kifaransa cha kale, likazaa palmier au paumier: mtu wa tawi la mtende. Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa chao kikawa lugha ya mabwana na makarani kwa vizazi kadhaa. Neno likabaki na kuwa palmere katika Kiingereza cha karne ya 13 na 14.

Hapa ndipo Mwingereza wa leo hupotea njia. Anaona mwisho wa jina ni ule ule wa majina ya kazi, ya mwoka mikate au msaga nafaka, akadhani Palmer alikuwa mpanda miti ya aina hiyo au muuza mafuta yake. Katika kijiji gani cha Uingereza palipandwa mitende? Baridi ingeiua kabla haijafika magotini. Hata siku ya Jumapili ya Matawi watu wa huko walibeba vijiti vya miti yao wenyewe, vya mierebi au vya miyuu, na wakaviita mitende kwa heshima ya ile ya Injili. Shika jambo hilo, maana uzito wote wa jina uko hapo. Mahali ambapo kila mtu alishika mtende wa kubuni, aliyetokea na kuti la mtende wa kweli, limekauka na kupauka, alikuwa ameleta ushahidi ambao haukupatikana penginepo.

Na ni mtende hasa. Kiingereza hurundika kwenye neno moja miti ambayo sisi hatuwezi kuichanganya hata gizani: mnazi, mtende, mchikichi, mkindu, mvumo, mpopoo. Mtafsiri asiyeangalia angeweza kumpa hujaji wa watu kuti la mnazi. Lakini mti wa kisa hiki ni ule wa bonde la Yordani, wa Yeriko, ambayo Kumbukumbu la Torati inaiita mji wa mitende. Mahujaji wa Kikristo walishuka kutoka Yerusalemu hadi huko mtoni, na matawi yakawa kumbukumbu yao. Yalipatikana pia sokoni: maelezo ya Kifaransa ya mitaa ya Yerusalemu ya wakati ule yanautaja mtaa wa masonara ambako matawi hayo yaliuzwa. Anayejua jinsi watu wanavyorudi Makka na maji ya Zamzam, tende na tasbihi hahitaji kuelezwa zaidi.

Alama ya kumaliza

Karatasi ya ukutani ilisema tawi lilikuwa tuzo ya vita. Si kweli, na tunaye shahidi wa wakati ule ule. William, Askofu Mkuu wa Tiro, alizaliwa Yerusalemu na kuandika historia ya utawala wa Wakristo wa Ulaya katika nchi ile. Anasimulia jinsi Philip, mtawala wa Flanders, nchi iliyo sehemu ya Ubelgiji ya leo, alivyofika mwaka 1177, akamaliza sala zake na kuchukua tawi la mtende, na hapo hapo anaeleza kwamba kwao hiyo ndiyo alama ya ziara iliyotimia. Iliyotimia! Alama ya kuanza ilikuwa nyingine. Hujaji alipoondoka kijijini kwake padri alimbariki fimbo na mkoba. Aliyeapa kwenda kupigana alishonewa msalaba kwenye nguo. Mtende ulishikwa mwishoni, na aliyefika nao nyumbani mara nyingi aliuweka madhabahuni katika kanisa la kwao.

Sehemu nyingine takatifu zilikuwa na alama zao. Aliyekwenda Santiago de Compostela, Hispania, alirudi na gamba la kombe. Aliyezuru kaburi la Thomas Becket huko Canterbury, askofu mkuu wa hapo aliyeuawa Desemba 1170, alirudi na kichupa kidogo cha risasi chenye maji yaliyobarikiwa. Dante, akiandika Italia miaka ya 1290, anaigawa misafara kwa majina: waendao ng'ambo ya bahari huitwa palmieri kwa sababu hurudi na mitende, waendao Galicia, yaani huko Santiago, ndio huitwa mahujaji kwa maana halisi ya neno, waendao Rumi ni romei. Kwa mgawo huo, Palmer na Romeo ni majina ndugu. Shakespeare alilijua hilo au alilinusa tu, lakini katika mchezo wake uliochapwa mara ya kwanza 1597 kijana Romeo anapomshika mkono Juliet kwa mara ya kwanza, wawili hao wanacheza na maneno ya hujaji, ya kiganja na ya mtu wa mtende, mpaka wakafikia kubusiana. Yule msichana anasema kugusana viganja ndilo busu la watu wa mitende. Utani huo umejengwa juu ya ule mzizi wa Kilatini: kiganja ni palma, mtende ni palma.

Sasa tuyatazame maji waliyoyavuka. Mwingereza mmoja aitwaye Saewulf alifika bandari ya Jaffa Oktoba 1102, miaka mitatu tu baada ya Yerusalemu kutekwa. Aliambiwa ateremke mapema, akateremka. Usiku ule tufani ikapiga, na asubuhi aliona kwa macho yake pwani imejaa maiti. Anaandika kwamba katika meli kubwa 30 zilizokuwapo zilipona 7 tu au pungufu, na waliokufa siku ile, wake kwa waume, walizidi 1,000. Hakwenda vitani, alikwenda kuzuru na kusali. Karne tatu baadaye Margery Kempe, mama wa watoto 14 kutoka Lynn, mji wa huko huko Norfolk kwa Bi Palmer, aliondoka mwaka 1413 akapitia Venice, akafika Yerusalemu, kisha Rumi, akarudi 1415. Nilipomsomea Bi Palmer habari za mama huyo alinishika mkono. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba aliyeanzisha jina lake angeweza kuwa na safari inayofanana na ya mwanamke wa mjini kwao; ile ngao ilikuwa imemfundisha kuona upanga tu.

Hesabu ya miaka

Dai la askari lilikuwa gumu kuliondoa moja kwa moja, na sitaki kulidhulumu. Waliokwenda kupigana walijiita mahujaji pia, na bila shaka baadhi yao walirudi na tawi mkononi. Lakini piga hesabu. Wakristo wa Ulaya waliishika Yerusalemu kuanzia 1099 hadi Salahuddin alipoitwaa 1187, miaka 88, kisha tena kwa muda mfupi kati ya 1229 na 1244. Akka, ngome yao kubwa ya mwisho, ilianguka 1291. Majina ya ukoo huko Uingereza je, yalishika lini? Wenye ardhi walianza kurithisha majina karne ya 11 na ya 12, lakini kwa watu wa kawaida wa kijijini jambo hilo lilienea karne ya 13 na ya 14. Kwa hiyo wengi wa wale Palmer wa kwanza, wale ambao jina liliganda kwao likapita kwa watoto, huenda walikwenda Yerusalemu ilipokuwa chini ya Waislamu. Walikwenda bila silaha. Mkataba wa Jaffa wa Septemba 1192, kati ya Salahuddin na Richard mfalme wa Uingereza, uliwaruhusu mahujaji wa Kikristo kuingia Yerusalemu namna hiyo hasa. Baadaye walilipa kiingilio kwa maofisa wa Wamamluki, watawala wa Kiislamu wa Misri, ili wafunguliwe mlango wa Kanisa la Kaburi Takatifu, na mpaka leo funguo na ulinzi wa mlango ule vimo mikononi mwa familia mbili za Kiislamu za Yerusalemu.

Nilipomwambia hayo Bi Palmer aliniuliza, "Kwa hiyo babu yangu aliingia kwa ruhusa ya ndugu zako?" Nikamjibu kwamba ndivyo inavyoelekea. Alilipenda jibu hilo kuliko ngao yote.

Tena safari nyingine hazikuwa za hiari. Mahakama za kanisa ziliweza kumwamuru mkosaji aende ziara ya mbali kama kitubio. Na wako waliokwenda kwa niaba ya mtu mwingine: katika wosia za Waingereza wa karne ya 14 na 15 utakuta marehemu ameacha fedha ili mtu apelekwe mahali patakatifu kwa ajili ya roho yake. Sisi tunalo neno la jambo hili, kuhijiwa. Marehemu huhijiwa na mtoto wake au na mtu aliyelipwa, nasi tunaiita hija ya badali. Basi Palmer fulani anaweza kuwa mchaji, mwingine mkosaji aliyekuwa akilipa deni la dhambi, na mwingine maskini mwenye miguu imara aliyekodiwa na wajane. Jina halituambii yupi ni yupi. Hakuna aibu katika hilo, ila wauza ngao hawawezi kulichapa.

Nani alimpa jina?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana karatasi ile imepakosea zaidi kuliko kwingine kote, na vitabu vingi vya majina hupapita upesi.

Palmer si jina ambalo mtu alijichagulia. Fikiria kijiji cha nyumba 40. Kina John watatu. Karani wa bwana anaandika nani anadaiwa nini, lazima awatenganishe. Mmoja ni John wa kisimani, wa pili John mwekundu wa nywele, wa tatu ni yule aliyetoweka miaka miwili, watu wakamsomea misa ya wafu, kisha akatokea njiani siku moja amechakaa, ana kuti kavu begani. Karani anaandika "le Palmer", akitia kile kijineno cha Kifaransa mbele. Huyo John huenda hata hakupenda. Aliyelitamka jina siku ya kwanza ni jirani aliyebaki kulima.

Jina hili, basi, ni ushuhuda wa waliobaki kuhusu aliyekwenda. Ndiyo maana limetokea kijijini na si barabarani. Huko Yerusalemu hakuna aliyeweza kuitwa Palmer, kila mtu alikuwa na tawi. Canterbury usingemwita mtu hivyo na ukaeleweka, walipita mamia. Jina lilihitaji mahali ambapo safari hiyo ilifanywa na mmoja, nao wengine wote wakaisikia ikisimuliwa usiku kando ya moto. Kwa sababu hiyo hiyo likachipuka mara nyingi, vijiji vingi, bila udugu kati yao. Ukoo mmoja wa Palmer haujawahi kuwapo.

Sayansi ya vinasaba imeonyesha mwelekeo huo huo kwa majina ya Kiingereza kwa jumla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walilinganisha vinasaba vinavyopita kutoka baba kwenda mwana. Kwa majina adimu, kama Attenborough, wanaume wengi wenye jina hilo walionekana kutoka shina moja. Kwa majina yaliyoenea sana, kama Smith, watu wawili wenye jina moja hawakuwa na undugu zaidi ya wapita njia wawili. Palmer ni miongoni mwa majina yaliyoenea.

Kisha jina likakatika na safari. Mtoto wa John akaitwa Palmer naye hajavuka hata mto wa jirani. Orodha za kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381 katika maeneo kadhaa zinaandika na kazi za watu, na huko mtu anaweza kubeba jina la safari huku kazi yake ni nyingine kabisa. Sisi tunalielewa bila kusukumwa. Babu yangu Haji alikuwa mvuvi. Mimi ninaitwa Haji na sijahiji bado, Mungu anijaalie. Hakuna jirani yetu aliyewahi kudhani tunadanganya.

Jambo hili lina ndugu zake mahali pengi. Wagiriki wa Kanisa la Othodoksi waliozuru Yerusalemu na kuoga Yordani walitanguliziwa neno lile lile la hija, walilolipata kupitia Kituruki, na vizazi vyao vikabaki na majina kama Hatzidakis. Katika Bosnia kuna Hadžić, Bulgaria kuna Hadzhiev. Waarmenia wana Mahdesian, kutoka neno lao la mtu aliyezuru Yerusalemu. Wakristo kwa Waislamu, neno moja, heshima moja.

Ailred wa Dublin na vijana wa Ludlow

Mara chache mtu huweza kulikamata jina likiwa bado mbichi. Mfano mzuri uko Dublin, Ireland. Mwishoni mwa karne ya 12 aliishi huko Ailred, mtu wa jamii ya Wanordiki, watu wa asili ya Skandinavia, waliohamia mji ule. Alirudi kutoka Nchi Takatifu, na yeye pamoja na mkewe wakaanzisha hospitali ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji nje ya lango jipya la mji, kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Nyaraka zinamwita Ailred Palmer. Kwake yeye hilo halikuwa jina la ukoo. Ni maelezo ya alichofanya, na hospitali ndiyo aliyoileta badala ya hadithi. Hospitali hiyo ilimiliki ardhi huko Palmerstown, magharibi ya mji, kijiji ambacho jina lake linafungamana na watu hao wa mitende. Kutoka Palmerstown likachukuliwa jina la cheo la Palmerston, na aliyelibeba kwa umaarufu zaidi, Lord Palmerston, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza 1830 hadi 1834, 1835 hadi 1841 na tena 1846 hadi 1851, yaani kipindi cha Sayyid Said wetu Zanzibar. Barua za Uingereza kuhusu biashara ya watumwa zilizofika Unguja zilitoka kwenye ofisi ya mtu huyo. Kuti la Yeriko limesafiri mbali.

Ludlow, mji wa mpakani mwa Wales, ulikuwa na chama kizima cha Watu wa Mtende, kilichoanza karne ya 13. Wanachama wake wengi hawakwenda popote. Walitoa ada, chama kikaajiri mapadri wa kuwaombea wao na wafu wao. Katika kanisa la Mtakatifu Laurence liko dirisha la vioo vya rangi la karne ya 15 linalosimulia hadithi yao: Mfalme Edward, aliyekufa Januari 1066, alimpa ombaomba pete yake kwa kukosa kitu kingine, kisha mahujaji wawili wakiwa Nchi Takatifu wakakutana na mzee aliyewaambia kuwa yeye ndiye Yohana Mwinjili, ndiye aliyepewa pete ile, wairudishe kwa mfalme wakamwambie watakutana peponi baada ya miezi 6. Ludlow ikasema mahujaji wale walikuwa watu wake. Ukilitazama dirisha hilo unaona neno likianza kuwa la heshima tu, si la safari, kama "Alhaji" inavyotumika leo kwa mzee yeyote mwenye kanzu safi.

Na ngao? Ngao za Uingereza hupewa mtu na uzao wake halali, hazipewi jina. Chuo cha kusimamia ngao kipo London tangu 1484 na ndicho kinachotoa ruhusa. Baadhi ya watu walioitwa Palmer walipewa, wakazitumia wao na watoto wao. Kuchapa ngao ya mmoja wao na kuiuzia kila Palmer anayepita ni sawa na kumuuzia kila Haji cheti cha hija.

Mwaka 1538

Mimi na Bi Palmer tulirudi nyuma kadiri nyaraka zilivyoturuhusu. Sensa zinazoorodhesha majina ya watu zinaanza 1841. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa, maziko. Watu wake walikuwa vibarua wa mashambani, baba kwa mwana, wakihama kijiji kimoja hadi cha pili kufuata kazi, wengine wakiweka alama ya msalaba mahali pa sahihi. Msalaba huo ndio pekee tuliouona katika ukoo wote.

Vitabu hivyo vya parokia vina kisa chao, na kilinisimamisha. Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alitoa amri kwa makanisa yote. Amri hiyo moja iliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Amri hiyo hiyo iliwakataza watu kutanga na njia kwenda kuzuru mahali patakatifu, ikaita jambo hilo ushirikina. Mwaka huo kaburi la Becket lilivunjwa Canterbury, na Walsingham, mahali pa ziara palipopendwa kuliko pote Norfolk, pakafungwa, na sanamu ya Mariamu ikapelekwa London kuchomwa. Karani aliyeketi kuandika Palmer katika kitabu kipya aliandika kwa amri ya karatasi ile ile iliyopiga marufuku kuwa Palmer. Jina lilianza kuhifadhiwa mwaka ambao kitu chenyewe kilizimwa.

Baada ya hapo ni jina tu. Hata hivyo mmoja wao alikwenda. Edward Henry Palmer, mzaliwa wa Cambridge wa mwaka 1840, alijifunza Kiarabu hadi akawa profesa wake huko huko, akatembea Sinai kwa miguu na wapima ramani mwaka 1868 na 1869, akapita Palestina, akachapisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1880. Aliuawa katika jangwa la Sinai Agosti 1882, akiwa katika kazi ya serikali yake wakati wa vita vya Misri. Bi Palmer aliniuliza kama ni jamaa yake. Nikamwambia hatuna sababu ya kusema hivyo, naye akakubali. Wakati huo alikuwa amekwisha kuizoea namna hii ya kujibu.

Fremu hatukuishusha. Kaka yake aliinunua kwa mapenzi, na alitaka ibaki pale pale. Tuliigeuza tukaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, yeye akitaja, mimi nikiandika kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka: "Mmoja wetu alikwenda Yerusalemu na akarudi. Jina hatujui. Huenda alikuwa mwanamume, huenda mwanamke, wala hatujui alikwenda kwa nini. Majirani walimwona na tawi. Sisi wengine tulilima." Akanyamaza, halafu akaniambia niongeze tarehe, na chini ya tarehe niandike jina langu kama shahidi. Nikaandika Haji.